Mswaki wa usiku: kutunza meno na fizi za nyumba nzima, kuanzia kichanga hadi bibi

Alfajiri kwenye nyumba nyingi kuna foleni bombani. Kila mtu na mswaki wake, povu mpaka kidevuni, anayechelewa daladala anamsukuma anayechelewa shule. Rudi nyumba hiyohiyo saa nne usiku. Mtoto mmoja amelala kwenye kochi na biskuti mkononi, mwingine anamalizia chai ya maziwa, baba yuko kwenye soda ya pili na mpira haujaisha. Mswaki hakuna aliyeushika.

Tumelelewa tupige mswaki ili tusinuke tukitoka nje. Meno yenyewe huharibika zaidi tukiwa tumelala. Kwenye meno kuna utando laini unaonata, ukoga, uliojaa bakteria. Bakteria hao hula sukari na wanga tulioacha mdomoni, kisha hutoa asidi inayolainisha jino. Mchana mate huisuuza asidi hiyo na kulirudishia jino madini yake. Usingizini mate hupungua sana, na chochote ulicholala nacho mdomoni kinabaki kufanya kazi hadi asubuhi. Ndiyo maana mwongozo huu naanzia usiku. Ukishindwa hatua nyingine zote, shika hii ya kwanza.

Hatua ya 1: Wekeni saa ya kufunga mdomo

Baada ya mswaki wa usiku hakuna kinachoingia mdomoni isipokuwa maji matupu. Si maziwa, si juisi, si "kipande kimoja tu".

Kinachoshinda familia nyingi ni saa, maana wavivu si wengi kama tunavyodhani. Chakula kinaiva saa tatu, watoto wanasinzia juu ya sahani, na mtoto aliyelala hapigwi mswaki. Kwangu nilibadilisha mpangilio: mswaki unapigwa mara tu baada ya kula, kabla vyombo havijatolewa mezani na kabla televisheni haijawashwa. Mtu mzima mmoja anasimama na watoto na kupiga wa kwake palepale, kwa sababu mtoto anaiga anachokiona. Dakika mbili zinatosha, ila ni ndefu kuliko unavyodhani. Zihesabu kwa saa mara moja uone.

Mswaki wa asubuhi unabaki palepale. Wengi wetu hupiga kabla ya chai, na hilo halina ubaya. Ukipenda kupiga baada ya kula, na ulikuwa umekunywa kitu kichachu kama ukwaju, ndimu au soda, ngoja nusu saa kwanza. Asidi inalainisha ngozi ya juu ya jino, na ukisugua muda huohuo unaondoka nayo.

Hatua ya 2: Vifaa

Nunua miswaki laini. Madukani imejaa ya kati na migumu, na wengi tunaamini mgumu ndio unaong'arisha. Mgumu unakwangua fizi hadi mzizi wa jino unabaki wazi, halafu maji ya baridi yanakuwa adui yako. Kila mtu na mswaki wake, hata mtu na mkewe, kwa kuwa fizi hutoka damu na damu hubeba magonjwa. Kama nyumba ina watoto wengi na miswaki imefanana, funga nyuzi za rangi kwenye mipini. Ihifadhi ikiwa imesimama kwenye kikombe mahali penye hewa, mbali na choo. Badilisha kila baada ya miezi 3, au mapema zaidi nywele zikitawanyika.

Kwenye dawa ya meno usitazame rangi wala picha ya tabasamu. Geuza boksi utafute neno fluoride na namba ya ppm: iwe kati ya 1000 na 1500. Floridi ndiyo inayolikaza jino lisiliwe na asidi. Dawa nyingine zenye majani na mizizi kwenye picha hazina kabisa, nyingine zinayo, hivyo soma. Mtoto chini ya miaka 3 anawekewa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ule mkia mrefu wa dawa unaojaza mswaki kwenye matangazo ni wa kumaliza tyubu mapema.

Mkaa na majivu vinasugua, kweli, lakini vinasugua kama msasa na havina floridi.

Mswaki wa mti ni habari nyingine, na siuondoi nyumbani. Jina lenyewe tumelitoa huko: wazee wa pwani walisafisha meno kwa kijiti cha mti wa mswaki karne nyingi kabla ya plastiki kufika. Ukitumia, tafuta kijiti kibichi, menya ganda kama sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zichanue, kisha sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Usiende kulia na kushoto kama unayepasua mbao. Kata ncha iliyochoka utafune mpya. Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kuufikisha nyuma ya magego na upande wa ulimi. Kwa watoto wenye sukari ya kila siku mimi nausindikiza na dawa yenye floridi, siutegemei peke yake.

Hatua ya 3: Sugua mpakani mwa ufizi na jino

Wengi tunasugua meno ya mbele, yanayoonekana. Ukoga hukaa zaidi pale jino linapoingia kwenye ufizi. Ulaze mswaki kidogo, nywele zielekee ufizini, uzungushe mizunguko midogo meno mawili mawili. Nenda nje, ndani, na juu ya magego panapotafuna. Maliza na ulimi, kwa wepesi.

Kisha tema povu, na usisukutue kwa maji. Hapa watu wananitazama kana kwamba nimewaambia wasinawe mikono baada ya ugali. Lakini ukisukutua unaimwaga floridi uliyoinunua. Tema, tema tena, futa mdomo, nenda kalale. Baada ya wiki ladha hiyo huisikii.

Katikati ya jino na jino mswaki haufiki. Uzi wa meno hupatikana maduka ya dawa na supamaketi za mjini. Uzungushe kwenye ubavu wa jino na uuteremshe taratibu, usiukatishe ufizi kama kisu kwenye mkate. Kijiti cha kuchokonolea tumia kutoa nyama iliyonasa, basi. Pini na sindano za kushonea zirudi kwenye mkebe wake.

Sasa fizi zinazotoka damu. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kupiga mswaki upande mmoja karibu mwezi mzima, nikidhani naupumzisha ufizi uliokuwa unatoka damu. Nilikuwa naulisha ugonjwa. Ufizi hutoka damu kwa sababu ukoga umekaa hapo siku nyingi ukauvimbisha. Tiba yake ni kuutoa ukoga huo. Endelea kusugua palepale, kwa mkono mwepesi na mswaki laini, mara mbili kwa siku. Kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Isipopungua, huenda ukoga umeshaganda ukawa ugaga: ile tabaka ngumu ya njano au kahawia, hasa nyuma ya meno ya chini ya mbele. Ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa ndimu. Unakwanguliwa na daktari wa meno. Utasikia watu wakisema, "Usiende kusafishwa, meno yatalegea." Yanayolegea baada ya kusafishwa yalikuwa yameshalegezwa na ugonjwa uliokula mfupa chini yake, na ugaga ulikuwa umeyagandisha pamoja kama saruji. Mwenye kisukari asichelewe hata kidogo hapa, kwa sababu sukari ikiwa juu fizi huoza haraka, na fizi zikiwa na uvimbe sukari nayo inakuwa ngumu kushuka.

Hatua ya 4: Mtoto, tangu kabla ya jino la kwanza

Kabla meno hayajaota, futa fizi za kichanga kwa kitambaa safi chenye unyevu. Jino la kwanza huchomoza karibu na miezi 6, wengine mapema, wengine hata mwaka. Likionekana tu, mswaki mdogo na punje ya mchele ya dawa. Kufika miaka 3 atakuwa nayo yote 20.

Umri huu ndio wenye hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha: "meno ya plastiki", wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto wa miezi kadhaa anaharisha, ana homa, anakataa kula. Jirani anamfunua mdomo, anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, anasema hayo ndiyo yanayomuua na kuna fundi anayeyatoa. Vivimbe hivyo ni chonge za kawaida ambazo hazijaota. Kila mtoto anazo. Fundi anakata ufizi kwa wembe, spoku ya baiskeli au kucha, na kuling'oa jino changa. Watoto hupoteza damu, hupata pepopunda na sumu kwenye damu, wengine hufa. Wanaopona mara nyingi chonge zao za ukubwani huota zimepinda au haziji kabisa. Imani hii ipo Tanzania, na Uganda wanaiita ebinyo. Mtoto huharisha umri huo kwa sababu anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni na ndiyo kwanza anaanza uji. Mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama fundi huyo ni shangazi au mama mkwe, mbebe mtoto uondoke kwanza. Heshima utaiomba baadaye.

Chupa ya maziwa yenye sukari, au juisi, isiingie kitandani. Meno manne ya juu ya mbele ndiyo huoza kwanza, yakawa vijiti vyeusi mtoto akiwa na miaka 2.

Kisha kuna gego la miaka 6, ambalo ningependa kila mzazi alijue kama anavyoijua siku ya chanjo. Huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka, hivyo wazazi hawalioni au wanadhani ni la utoto litakalobadilishwa. Ni la kudumu. Mpwa wangu alitobokewa la kwake akiwa darasa la tatu, na nyumba nzima ikasema, "Liacheni, litaota jingine." Halikuota jingine, ana pengo mpaka leo. Mtoto akifikisha miaka 6 mfunue mdomo kwa tochi ya simu, hesabu kutoka mbele upande mmoja: jino la sita ni hilo. Lina mikunjo mirefu inayonasa chakula, na mswaki wa mtoto mwenyewe haulifikii. Msaidie kupiga mswaki mpaka miaka 7 au 8. Kipimo ninachotumia mimi: kama bado hawezi kufunga kamba za viatu vizuri, bado hawezi kujipiga mswaki peke yake.

Meno ya utoto nayo msiyadharau kwa kuwa yatang'oka. Yanayashikia nafasi yanayokuja; likitolewa mapema, majirani husogea na la ukubwani huota lilipopata.

Hatua ya 5: Hesabu mara, si vijiko tu

Kila sukari ikiingia, asidi hushambulia jino kwa kama nusu saa au zaidi. Mtoto anayekula kashata nzima mara moja baada ya mlo anaumia kidogo kuliko anayelamba ubuyu wa rangi punje moja moja kuanzia mapumziko ya saa nne hadi jioni. Mama mwenye thermosi ya chai tamu anayopigia funda kila akipita jikoni ana meno yasiyopata mapumziko hata saa moja. Soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai, na ni asidi yenyewe hata bila msaada wa bakteria.

Kwa hiyo vitamu vije na mlo, si katikati ya milo. Katikati wape karanga, mahindi ya kuchemsha, embe, tango, yai. Dawa ya kikohozi tamu itolewe kabla ya mswaki wa usiku.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hugeuka, na hapo ndipo tende, visheti na juisi za futari hukaa mdomoni usiku kucha. Piga mswaki baada ya kula cha mwisho jioni, kisha tena baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, ndipo usiingie kwenye ubishi wa dawa ya meno na swaumu. Mchana kijiti cha mswaki kinakutosha.

Hatua ya 6: Kama maji yenu yana floridi nyingi

Hii ni ya wakazi wa Bonde la Ufa: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na upande wa Kenya Nakuru na Naivasha. Meno ya kahawia mnayoona huko si uchafu, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Ni floridi iliyozidi wakati jino linaumbwa ndani ya ufizi. Msiwaadhibu watoto kwa kusugua meno yao kwa mchanga.

Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inakolea. Meno ya mbele na mengi ya kudumu huumbwa kabla ya miaka 8, basi kama maji salama ni machache, wagawieni kwanza wadogo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi karibu hayana floridi. Huko Ngurudoto, Arusha, Wizara ya Maji ina kituo kinachoshughulika na kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Punguzeni pia magadi kwenye maharage na makande, kwani nayo hubeba floridi. Dawa ya meno endeleeni nayo kwa vipimo vya punje. Mtoto ateme tu, asimeze.

Hatua ya 7: Mjamzito

Fizi za mjamzito huvimba na kutoka damu kirahisi kwa sababu ya homoni. Ule usemi kwamba kila mimba huondoka na jino, eti mtoto amekula kalsiamu ya mama, si kweli: jino huondoka kwa ukoga, kutapika na kulalamba vitamu. Ukitapika, sukutua kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya mswaki. Kwa daktari wa meno nenda, mwambie ujauzito wako una miezi mingapi. Miezi ya katikati ndiyo rahisi zaidi kwa matibabu, ila uvimbe wenye usaha hautakiwi kusubiri. Usijinunulie vidonge dukani. Tetrasaiklini hutia doa la kudumu kwenye meno ya mtoto aliye tumboni, na ya mtoto mdogo aliyepewa moja kwa moja.

Hatua ya 8: Babu na bibi

Uzee peke yake haung'oi meno. Dawa za presha na nyinginezo hukausha mate, na mizizi iliyo wazi hutoboka upesi, kwa hiyo mzee anahitaji mswaki wa usiku pengine kuliko wote. Meno bandia yavuliwe wakati wa kulala, yasuguliwe kwa sabuni ya kawaida na mswaki wake tofauti, yalale kwenye maji ya baridi. Maji ya moto huyapinda.

Tambuu ni mazungumzo magumu ukimkuta bibi na kijaluba chake. Nimejaribu. Popoo iliyomo imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa hata bila tumbaku, na ikiongezwa tumbaku ni mbaya zaidi. Akikataa kuacha, mpatane angalau asilale nayo shavuni, na mmtazame mdomo kila mwezi. Kidonda au baka jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki 2 lipelekwe hospitali, hata kama haliumi. Hiyo ni kwa wavuta sigara na wala ugoro vilevile.

Hatua ya 9: Nenda kabla halijauma

Doa jeupe la chaki au jeusi kwenye gego, au chakula kunasa mahali palepale kila siku, ni wakati wa kuonwa na daktari, pengine kuziba. Likishauma usiku, mara nyingi limefika kwenye mshipa, na kuziba kwa kawaida hakutoshi tena. Wanaoogopa mashine wajue kuna namna ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme, na kuziba kwa saruji maalumu inayotoa floridi. Njia hiyo ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inatumika duniani kote. Uliza kama kituo chenu wanaifanya, hasa kwa watoto, na uliza bei ya kuziba kabla hujakubali kung'oa.

Likikushika usiku, parasetamoli kwa kipimo chake, na mafuta ya karafuu kidogo kwenye pamba, yaguse jino tu. Karafuu inatuliza kweli, haitibu. Usitie maji ya betri, mafuta ya taa wala aspirini ufizini, vinaunguza. Antibayotiki peke yake hutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa, kisha unarudi. Lakini uso ukivimba kuelekea jichoni au chini ya taya, mdomo ukakataa kufunguka, kumeza au kupumua kukawa shida, usingoje kupambazuke. Hospitali usiku huohuo.

La mwisho ni la watoto wa mpira na baiskeli. Jino la kudumu likitoka zima kwa kuanguka, lishike kwenye kichwa chake cheupe, usiguse mzizi. Lisuuze kwa sekunde chache, usilisugue, ulirudishe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa. Mkishindwa, litieni kwenye kikombe cha maziwa baridi yasiyo na sukari, muwahi kwa daktari ndani ya nusu saa ikiwezekana. Kila dakika inapunguza nafasi ya kushika tena. Likiwa la utoto msilirudishe, mtaliumiza linalokuja nyuma yake. Hilo mwache alirushe juu ya paa kama tulivyofanya sisi.